Mafuta Yanayowaka: Homoni, Baridi ya Songea na Tezi ya Shingo

Katika miezi ya Juni na Julai mji wa Songea, uliojengwa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, huwa na usiku wa baridi inayomfanya mkunga avae sweta juu ya sare yake. Mtoto anayezaliwa usiku huo hutoka mahali penye joto la nyuzi 37 na kuingia, akiwa amelowa, katika chumba ambacho huenda hakifikii nyuzi 20. Mtu mzima akiwekwa katika hali hiyo angetetemeka, na kutetemeka kwa misuli kungemtia joto. Mtoto mchanga hana uwezo huo. Hata hivyo, akikaushwa na kufunikwa mapema, mwili wake hujitengenezea joto na akaishi. Joto hilo hutoka kwenye mafuta yaliyo katikati ya mabega yake, shingoni, makwapani na kuzunguka figo.

Mafuta hayo hayawaki yenyewe. Huwaka kwa amri ya homoni, na amri ikikosekana au ikikosewa hukaa tu, hata baridi iwe kali namna gani. Kanuni hiyo haiishii kwa mtoto mchanga. Inamhusu pia mwanamke wa makamo anayefika kliniki akilalamikia baridi na uzito, na kijana anayenunua vidonge vya kupunguza mwili bila kujua vimetengenezwa kwa nini.

Kihenge na jiko

Wengi huyaona mafuta ya mwili kama kihenge cha mahindi: mavuno yakizidi hujazwa, njaa ikibisha hodi hupunguzwa. Kwa sehemu kubwa ya mafuta mfano huo unafaa. Mafuta ya aina hiyo huitwa meupe. Kila seli yake hubeba tone moja kubwa linalosukuma kila kitu kingine pembeni, na kilo moja ya tishu hiyo huhifadhi takriban kilokalori 7,700, yaani chakula cha mtu mzima cha siku tatu au zaidi.

Aina ya pili si kihenge bali ni jiko. Seli zake zina matone madogo mengi, nazo zimesheheni mitokondria, vile vyumba vidogo vya seli ambamo chakula huunguzwa kwa oksijeni. Chuma kilichomo ndani ya mitokondria, pamoja na wingi wa mishipa ya damu, huipa tishu hiyo rangi ya kahawia. Mtaalamu wa Uswisi, Conrad Gessner, aliieleza mwaka 1551 alipompasua mnyama wa milima ya Alps anayelala majira yote ya baridi, akashindwa kuamua kama alichokiona kilikuwa mafuta au nyama.

Kwa muda mrefu vitabu vya tiba vilifundisha kwamba mafuta ya kahawia hutoweka utotoni. Mwaka 2009 makundi matatu ya watafiti, kutoka Marekani, Uholanzi na Ufini, yalichapisha katika toleo moja la jarida la New England Journal of Medicine picha zilizoonyesha mafuta hayo yakiwaka kwenye shingo na juu ya mifupa ya mtulinga ya watu wazima. Waholanzi waliwaweka vijana 24 wa kiume katika chumba cha nyuzi 16. 23 kati yao walionekana kuwa nayo. Wenye mwili mwembamba walikuwa nayo kwa wingi zaidi kuliko wanene. Imefahamika pia kwamba ndani ya mafuta meupe zimo seli za kati, za rangi ya chai iliyozidishwa maziwa, ambazo zikipata amri ya kutosha hujifunza kuwaka.

Pamoja na hayo, mtu mzima ana gramu chache tu za mafuta ya kahawia, au gramu mia chache akiwa na bahati. Yeyote anayedai kwamba kuoga maji ya baridi kila asubuhi kutaondoa kitambi anasema zaidi ya yale ambayo utafiti umeonyesha. Baridi huongeza pia hamu ya kula, na sahani moja ya ugali hurudisha upesi kilichoungua.

Nani hulifungua lango?

Mfano wa karibu wa kueleza kazi ya seli hizi ni mtambo wa umeme wa Tulila katika Mto Ruvuma, unaoendeshwa na masista Wabenedikti wa Chipole. Maji huzuiwa, kisha hupitishwa kwenye mashine zinazozunguka, na nguvu ya maji hugeuka kuwa umeme. Mitokondria za seli za kawaida hufanya vivyo hivyo. Huunguza chakula na kutumia nishati yake kusukuma chembe za hidrojeni upande mmoja wa utando, kisha huziruhusu zirudi kupitia kimeng'enya kimoja tu, ambacho hutengeneza ATP, sarafu ambayo seli hulipia kazi zake zote.

Seli ya mafuta ya kahawia ina kitu cha ziada: protini iitwayo thamojenini, au kwa kifupi UCP1. Hiyo ni kama lango la pembeni la bwawa. Likifunguliwa, chembe hurudi bila kupita kwenye mashine. ATP haitengenezwi, na nishati yote hutoka kama joto. Tena, kwa kuwa bwawa linavuja, mitokondria hulazimika kuunguza mafuta zaidi ili kulijaza.

Lango hilo hufunguliwa na noradrenalini. Ngozi ikihisi baridi, habari hupelekwa kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili. Kutoka hapo neva za simpathetiki humwaga noradrenalini moja kwa moja juu ya seli za mafuta ya kahawia. Ndani ya dakika chache mafuta yaliyohifadhiwa huvunjwa kuwa asidi za mafuta, nazo hufanya kazi mbili kwa pamoja: ndizo kuni, na ndizo zinazolifungua lango. Uvimbe adimu wa tezi adrenali unaoitwa feokromositoma huonyesha jambo hilo kwa ukatili. Uvimbe huo humwaga homoni za jamii hiyo bila kukoma, na baadhi ya wagonjwa hupungua uzito huku mafuta yao ya tumboni yakigeuka rangi na kuwa ya kahawia.

Ikiwa noradrenalini hulifungua lango, homoni za tezi ya thairoidi ndizo hulijenga. Tezi hii hukaa mbele ya shingo, chini kidogo ya zoloto, na hutoa hasa homoni iitwayo thairoksini, au T4, ambayo ina atomu nne za madini joto. Thairoksini yenyewe ni kama unga ambao haujapikwa. Lazima iondolewe atomu moja ya madini joto ili iwe T3, homoni yenye nguvu. Jambo la kuvutia ni kwamba seli ya mafuta ya kahawia ina kimeng'enya chake cha kufanya kazi hiyo humo humo ndani, na kimeng'enya hicho huamshwa na noradrenalini. Hivyo baridi inapoingia, T3 huongezeka maradufu kadhaa ndani ya seli hata kama kiasi chake kwenye damu hakijabadilika. T3 huingia katika kiini cha seli na kuamuru thamojenini zaidi itengenezwe.

Panya waliotolewa tezi hiyo wakiwekwa katika baridi kali hupoa na kufa, ingawa neva zao ni nzima na noradrenalini inamwagika kama kawaida. Amri ya kufungua inafika, lakini malango ni machache mno.

Dakika za kwanza za mtoto

Tumboni mwa mama jiko la mtoto halina kazi, na kondo la nyuma hupeleka kwenye damu yake kemikali zinazolizuia lisiwake. Kitovu kinapokatwa, kizuizi hicho huondoka. Ngozi hupigwa na baridi, noradrenalini hupanda, na tezi pituitari iliyo chini ya ubongo humwaga TSH, homoni inayoiamsha thairoidi, hadi kufikia kilele chake takriban nusu saa baada ya kuzaliwa. Katika siku ya kwanza T3 ya mtoto huongezeka mara kadhaa. Yote haya hutokea pasipo mtu kuyaona, wakati mkunga anahangaika na kondo na mama anauliza kama ni wa kike au wa kiume.

Mfumo huu una mipaka, na mipaka hiyo ndiyo inayoua. Mafuta ya kahawia hujengwa zaidi katika theluthi ya mwisho ya ujauzito, kwa hiyo mtoto njiti huzaliwa na jiko dogo na kuni chache. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa ana kuni lakini hana oksijeni ya kuziunguza. Naye mtoto aliyetimia miezi, akiachwa wazi, huunguza sukari na oksijeni kwa kasi ili ajitie joto, kisha huanza kunyonya kwa udhaifu, sukari ya damu hushuka na kupumua huwa kwa shida. Mhudumu akimkuta katika hali hiyo anaweza kudhani ni maambukizi pekee. Huenda yapo kweli na ni lazima yatafutwe, lakini kipimajoto kiwekwe kwanza. Joto la kawaida la mtoto mchanga ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likiwa chini ya 36.5 tayari amepoa, na chini ya 32 ni hatari kubwa ya kifo.

Kwa hiyo kumkausha mtoto mara tu anapozaliwa, kumvika kofia, kumlaza ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama na kumnyonyesha ndani ya saa moja ni kumpunguzia kazi jiko lake na kumwongezea kuni. Shirika la Afya Duniani hushauri kuogesha kucheleweshwe angalau saa 24. Jambo hili hugongana na mazoea ya familia nyingi, ambazo huona utando mweupe wa mtoto kama uchafu unaopaswa kuondolewa mapema. Bibi anayetaka kumwogesha mjukuu wake anafanya hivyo kwa upendo, na atamsikiliza zaidi muuguzi anayemweleza kwamba utando ule ni kinga kuliko yule anayemkaripia. Jiko la mkaa lisiingizwe kwenye chumba kilichofungwa milango na madirisha, kwa maana hewa yake ya sumu huua kimya kimya, mtoto na mama pamoja.

Uzito wa jambo hili umepimwa hapa nchini. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India, ambapo hapa kwetu ulifanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Watoto zaidi ya 3,000 waliozaliwa na uzito kati ya kilo 1 na kilo 1.8 hivi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilianza kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi mara tu baada ya kuzaliwa. Jingine lilisubiri, kama ilivyokuwa desturi, hadi hali zao zitengemae. Katika siku 28 za kwanza walifariki asilimia 12.0 katika kundi la kwanza na asilimia 15.7 katika kundi la pili. Hata zahanati isiyo na mashine ya kutunzia njiti ina kifua cha mama, na ikiwa mama ni mgonjwa, cha baba au shangazi. Rufaa ya njiti kwenda Peramiho au hospitali ya mkoa mjini Songea nayo ifanyike akiwa kifuani, maana safari ya saa moja ndani ya kanga pekee yaweza kumaliza mafuta aliyonayo.

Chumvi ya Ruvuma

Tezi ya thairoidi haiwezi kutengeneza T4 bila madini joto, na madini hayo hupatikana kwa wingi baharini. Katika nyanda za juu, mvua za maelfu ya miaka zimeyaosha kutoka kwenye udongo, na mahindi, maharagwe na mboga vinavyolimwa humo huwa na kiasi kidogo. Nyanda za Juu Kusini, Ruvuma ikiwemo, zilijulikana kwa rovu, ule uvimbe wa shingo ambao wengi sasa huuita goita. Tezi inayokosa madini joto huchochewa na TSH bila kupumzika, nayo hutanuka ikijaribu kukusanya kila chembe inayopita. Mihogo michungu isiyolowekwa na kukaushwa vizuri huongeza tatizo, kwa sababu mwili huigeuza sumu yake kuwa kemikali inayozuia madini joto yasiingie kwenye tezi.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilisimamia ugawaji wa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katika miaka ya 1990 chumvi ikaanza kuongezwa madini hayo kwa taratibu za kisheria. Rovu kwa watoto wa shule nchini, lililokadiriwa kuwa asilimia 25 katika miaka ya 1980, lilikuwa takriban asilimia 7 katika uchunguzi wa mwaka 2004. Ni miongoni mwa mafanikio makubwa ya afya ya jamii nchini, na labda ndiyo sababu yanasahaulika: shingo isiyovimba haina la kusimulia.

Hesabu ya chumvi ni rahisi. Chumvi yenye miligramu 30 za madini joto katika kila kilo humpa mtu anayekula gramu 5 kwa siku mikrogramu 150, ambazo ndizo mahitaji ya mtu mzima. Gramu 5 hizo ni kijiko kimoja cha chai, na Shirika la Afya Duniani halitaki mtu avuke kiasi hicho kwa sababu ya shinikizo la damu. Kuongeza chumvi hakuongezi kasi ya kuunguza mafuta. Mjamzito huhitaji mikrogramu 250, kwa ajili yake na kwa tezi changa ya mtoto, ambaye ubongo wake huumia kabla ya kitu kingine chochote madini joto yakikosekana. Chumvi ya mawe isiyo na madini joto bado huuzwa kwa bei nafuu katika baadhi ya masoko. Na hata ile nzuri hupoteza madini yake ikiwekwa wazi juani au mahali penye unyevu. Ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, na itiwe kwenye mboga inapokaribia kuiva.

Mwenye rovu si lazima awe amepungukiwa homoni. Wengi wao wana T4 ya kutosha, kwa sababu tezi iliyotanuka imefaulu katika jitihada zake. Na wengi waliopungukiwa hawana uvimbe wowote.

Mwanamke anayehisi baridi

Mgonjwa wa namna hii hufika kliniki mara nyingi baada ya miaka. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, amevaa kitenge juu ya sweta mchana wa Oktoba, wakati Songea kuna jua kali na wenzake wanajipepea. Anasema amechoka, ngozi imekauka, choo kigumu, nywele zinakatika, hedhi ni nyingi. Uzito umeongezeka ilhali chakula amekipunguza. Nyumbani ameambiwa ni mvivu. Pengine na mhudumu wa afya amemwambia apunguze kula kisha akamwita mgonjwa anayefuata. Mapigo yake ya moyo ni ya polepole na uso umevimba kidogo chini ya macho.

Upungufu mkubwa wa homoni za thairoidi unaweza kushusha matumizi ya nishati ya mwili uliopumzika kwa asilimia 30 au zaidi. Misuli, ini na moyo huunguza polepole, na mafuta ya kahawia hukosa malango. Chanzo mara nyingi ni kinga ya mwili kuishambulia tezi yenyewe. Wengine walifanyiwa upasuaji wa rovu zamani, na wapo wanaotumia dawa kama lithiamu, amiodaroni au ethionamidi ya kifua kikuu sugu. Kipimo cha kwanza ni TSH, na ikiwa juu huongezwa kipimo cha T4.

Hapa ukweli una pande mbili. Mgonjwa huyu hastahili kulaumiwa, na kipimo kisicheleweshwe. Lakini upungufu wa thairoidi huongeza kwa kawaida kilo 2 hadi 5 tu, na sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji na chumvi. Mtu aliyezidi kilo 30 hakufika hapo kwa sababu ya tezi, na kumwahidi kwamba vidonge vya thairoidi vitamrudisha alivyokuwa ni kumdanganya. Aliyethibitika kuwa na upungufu hupewa levothairoksini, kidonge kimoja kila asubuhi kwa maji, nusu saa au saa moja kabla ya kifungua kinywa; vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, na vya kalsiamu, visubiri saa nne. TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Jambo la kwanza kurudi huwa ni joto la mwili na nguvu, na wengi huitumia dawa hiyo maisha yao yote.

Sauti nyingine

Homoni nyingine huchangia pia, ingawa si kwa uzito uleule. Insulini ya kongosho hufunga mlango wa kihenge: baada ya mlo hupanda na mafuta meupe hayavunjwi. Kwa kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye hana insulini, mlango hubaki wazi usiku na mchana. Huyu hukonda haraka, hukojoa sana, huwa na kiu isiyokatika, na damu yake hujaa asidi. Akipelekwa kwa mganga kwa kudhaniwa amelogwa, siku chache hutosha kumpoteza. Estrojeni nayo inapopungua wakati wa kukoma hedhi, mafuta huhama kutoka nyongani kwenda tumboni.

Mafuta meupe yenyewe hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na kundi la Jeffrey Friedman jijini New York. Leptini huujulisha ubongo kihenge kimejaa kiasi gani. Mtu anayejinyima chakula ghafla hushusha leptini, ubongo huamini njaa imeingia nchini, nao hupunguza T3 na amri za neva za simpathetiki. Jiko hupunguzwa moto ili akiba isiishe. Ndiyo sababu aliyepungua kilo 10 kwa mwezi mmoja hujikuta anahisi baridi, ana njaa isiyotulia, na uzito unarudi ingawa anakula kidogo kuliko jirani yake. Kupunguza polepole kwa chakula cha kawaida na mwendo wa miguu kunachosha subira, ila ubongo hauogopi sana.

Vidonge vya sokoni

Tamaa ya kulifungua lango kwa nguvu ni ya zamani. Mwaka 1891 daktari Mwingereza George Murray alimtibu kwa mafanikio mgonjwa aliyepungukiwa homoni za thairoidi kwa majimaji yaliyotolewa kwenye tezi ya kondoo, na haikuchukua muda watu wasio na ugonjwa wakaanza kutumia dawa za namna hiyo ili wapungue. Walipungua kweli, lakini waliunguza misuli na mifupa pamoja na mafuta, na mioyo yao ikaenda mbio. Homoni hizo hutoa amri kwa kila seli, na mtumiaji hawezi kuziambia ziende kwenye kitambi pekee.

Mbaya zaidi ni dinitrofenoli. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia wafanyakazi wa viwanda vya baruti nchini Ufaransa waliokuwa wakiishika kemikali hiyo walikonda, wakatokwa jasho, na baadhi yao wakafa kwa joto. Mwaka 1933 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliitangaza kama dawa ya unene. Dinitrofenoli hutoboa bwawa lile lile ambalo thamojenini hulifungulia lango, ila hulitoboa katika kila seli ya mwili, na haina kitasa cha kufungia. Watu walipata mtoto wa jicho, wengine walikufa kwa homa isiyoshuka. Marekani iliiondoa kwenye matumizi ya binadamu mwaka 1938. Bado huuzwa kupitia intaneti, na bado huua.

Upande wa pili wapo wanaotafuta unene. Baadhi ya vidonge vinavyomezwa kwa siri ili mtu ajaze mashavu na nyonga vina deksamethasoni, dawa ya jamii ya kotisoli, homoni ya tezi adrenali. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zina dawa za jamii hiyo pia, nazo hupenya hadi kwenye damu. Zikitumika muda mrefu hukusanya mafuta usoni, shingoni na tumboni, hula misuli ya mapaja, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na kwa wanyama wa maabara zimeonekana kuyafanya mafuta ya kahawia yawe meupe.

Mhudumu anayemkuta mgonjwa mwenye uso wa mviringo, michirizi myekundu tumboni na miguu myembamba amuulize faraghani, bila kumtia aibu, anameza nini na anajipaka nini, na amwombe alete pakiti au kopo lenyewe. Mgonjwa naye, akishtuka baada ya kusoma haya, asiache vidonge vya aina hiyo ghafla ikiwa amevitumia kwa wiki kadhaa. Tezi zake za adrenali zimelala kwa kuwa kazi yao imefanywa na kidonge, na haziamki siku moja. Akiacha kwa mara moja anaweza kutapika, kuishiwa nguvu na kuzirai kwa shinikizo la damu kushuka. Aende hospitali na pakiti hiyo mkononi, apangiwe namna ya kupunguza dozi kidogo kidogo.